Gari kuwaka kwa kusuasua baada ya mwendo mfupi

Ndugu, umesema asubuhi gari lako linawaka vizuri, ila ukienda karibu, ukazima dakika 10 na kuwasha tena, injini inatetemeka na kunuka petroli. Harufu hiyo ndiyo inayonielekeza: nashuku nozeli, yaani kifaa kinachonyunyizia petroli kwenye injini, inavuja. Ukizima, petroli inaendelea kudondoka na plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha injini, zinalowa. Langu lilinisumbua hivyo hivyo. Nilibadilisha plagi mara mbili bure.

Likigoma, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini huku ukipiga stata. Magari mengi ya injeksheni (yanayotumia nozeli badala ya kabureta) hukata petroli hapo. Likiwaka, mafuta yalizidi. Lisipobadilika, fundi apime sensa ya joto la maji na presha ya petroli. Tafadhali usifungue paipu za petroli mwenyewe injini ikiwa ya moto. Petroli inaweza kuruka na kushika moto.