Sanda ya Turin ionyeshwe, na umri wake usemwe

Swali lenu la wiki hii linauliza kama Kanisa liendelee kuionyesha Sanda ya Turin, kile kitambaa cha kitani kilichoko Italia chenye umbo la mtu aliyesulubiwa, ambacho wengi huamini ndicho alichozikiwa Yesu, ilhali vipimo vimeonyesha ni ya Zama za Kati. Mimi ni Mkatoliki, na jibu langu ni ndiyo, iendelee kuonyeshwa. Ila mwenye kuja kuiona aambiwe umri wake kabla hajapiga goti.

Kazi yangu ni ushonaji, na Jumapili hufundisha watoto wa kipaimara. Mwaka juzi niliwaonyesha picha ya ule uso, nikawaambia wanasayansi wamethibitisha kuwa ndicho kitambaa alichozikiwa Bwana. Jumapili iliyofuata binti mmoja wa kidato cha pili alisimama na daftari lake. Alikuwa ameandika kwamba mwaka 1988 maabara tatu, za Oxford, Zurich na Arizona, zilipima kaboni iliyomo ili kujua umri wake, na kupata kuwa kitani hicho ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. "Mwalimu, ulituambia imethibitishwa." Nikamwamuru akae, nikasema mambo ya imani hayahojiwi. Jumapili tatu hakuonekana.

Nilipoanza kusoma mwenyewe, niligundua kuwa mmoja wa watu wa kwanza kuipinga sanda hiyo kwa maandishi alikuwa askofu. Kitambaa hicho, chenye urefu wa mita 4.4 na upana wa mita 1.1 hivi, kumbukumbu za uhakika zinakitaja kwa mara ya kwanza katikati ya karne ya 14, katika kijiji cha Lirey, Ufaransa, kikiwa mali ya familia ya Geoffroi de Charny, askari wa farasi aliyefia vitani mwaka 1356. Mwaka 1389 Askofu Pierre d'Arcis wa Troyes alimwandikia Clement VII wa Avignon, aliyekuwa akidai upapa wakati Kanisa limegawanyika, akisema askofu aliyemtangulia alilichunguza jambo hilo hadi mchoraji mwenyewe akakiri kazi yake. Mwaka 1390 Clement hakuifungia sanda. Aliruhusu ionyeshwe, kwa sharti kwamba watu watangaziwe kuwa hiyo si sanda yenyewe ya Kristo, bali ni mfano wake.

Hapo nilikaa kimya kwa muda. Askofu wa karne ya 14 na maabara za karne ya 20 hawakuwahi kushauriana, na bado wanaelekeza kidole mahali pamoja.

Najua wapo wanaosema kipande kilichopimwa kilikatwa kwenye kona iliyotiwa viraka. Hoja hiyo siipuuzi. Sanda iliungua kwa moto huko Chambéry mwaka 1532, na miaka miwili baadaye masista wa Mtakatifu Klara waliitia viraka. Raymond Rogers, mkemia aliyekuwa katika kikundi cha watafiti walioichunguza sanda mwaka 1978, aliandika mwaka 2005 kwamba nyuzi za kona ile hazifanani kikemia na nyuzi za kitambaa kingine. Lakini mwaka 2002 mtaalamu wa nguo za kale, Mechthild Flury-Lemberg, alibandua vile viraka pamoja na kitambaa kilichoshonewa nyuma, akaitazama sanda upande wa pili, na hakuona ufumaji wowote wa kuunganisha pale kwenye kona. Kwa hili namwamini kwa vidole vyangu. Nguo iliyotatuka naweza kuirudishia hivi kwamba mteja asione kitu upande wa mbele, lakini igeuze nje ndani, uzi wangu utauona.

Wengine wamezirudia hesabu za 1988, na mwaka 2019 wakaandika kuwa majibu ya maabara hizo hayakulingana vya kutosha. Ni haki yao kudai kipimo kipya, nami ningekipokea. Ila tofauti waliyoionyesha ni ndogo mno, haiwezi kurudisha kitani hicho nyuma karne kumi na tatu.

Kwa nini basi ionyeshwe? Katika jumuiya yetu kuna mama aliyemzika mwanawe. Alipoletewa picha ile aliitazama muda mrefu sana: kidonda cha kifundo cha mkono, ubavu uliochomwa, uso uliopigwa na bado umetulia. Hakuuliza karne. Papa Yohane Paulo II alipofika Turin mwaka 1998 aliiita kioo cha Injili, akasema suala hilo si la imani na kwamba Kanisa linawaachia wanasayansi waendelee kuchunguza. Mfano wa mateso unaweza kumfariji mtu bila kudanganya, mradi sisi tunaoushika mkononi tusidanganye. Nililolifanya darasani lilikuwa uongo, hata kama niliusema kwa mapenzi.

Nilikwenda kwao yule binti, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alirudi. Kwaresima iliyopita, kwenye kituo cha kumi na nne cha Njia ya Msalaba, niliishika ile picha na kuwaambia watoto yote: Lirey, barua ya askofu, mwaka 1988. Tulipomaliza alinifuata akauliza, kama kweli ni kazi ya mtu, aliifanyaje, maana amesoma kuwa umbo lile limekaa juu juu tu ya nyuzi, halikupenya hadi nyuma. Nikamjibu kwamba wataalamu bado wanabishana juu ya hilo. Akafungua daftari, akaliandika.