Hayo Magazeti ya Katuni, Usiyapeleke Yakakatwe

Tangu yule kijana mchoraji aliyekuja Tanga kunakili michoro ya zamani ya Kipepe, mhusika wa gazeti la katuni la Sani, aseme mtandaoni kwamba aliipata kwangu, kwenye magazeti ya zamani ninayoyatunza, simu yangu haijatulia. Wengi wanataka kununua magazeti hayo. Siuzi, na naomba wasinipigie tena saa tano usiku. Wachache wana yao, wamerithi au wameyakuta darini, na wanataka kujua wayafanyeje. Mmoja wao, dada wa Morogoro, ndiye aliyenikalisha niandike haya. Aliniletea ujumbe: “Shikamoo. Marehemu kaka yangu ameacha kifurushi cha magazeti ya katuni ya Sani na Kingo, na mengine ya hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman. Kuna stesheneri hapa karibu na chuo, wanabaindi hadikava kama za tasnifu, wataniwekea na herufi za dhahabu. Niwapelekee?”

Marahaba, dadangu. Usiwapelekee.

Tasnifu huletwa dukani ikiwa karatasi mojamoja. Fundi anaigonga mezani hadi ilingane, anaipaka gundi mgongoni, anaivika jalada, na kabla ya hapo ameipitisha kwenye mashine ya kukatia ili kingo zinyooke. Mwanafunzi ameshaambiwa aache nafasi kubwa upande wa kushoto, basi hakuna linalopotea. Gazeti la katuni halikuchorwa kwa ajili ya mashine hiyo. Mchoraji amejaza ukurasa mpaka pembeni, na maneno ya mhusika yanaweza kuwa yamebanana kwenye kona kabisa. Zaidi ya hapo, gazeti si karatasi mojamoja. Ni karatasi pana zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili. Ili fundi wa tasnifu alimudu, lazima kwanza aukate mkunjo. Akishaukata, umebaki na rundo la vipande vinavyoshikiliwa na gundi peke yake, na gundi ile ikikauka sana kwa joto letu hupasuka, kurasa zikaanza kudondoka.

Ninalisema hili nikiwa na kidonda. Miaka ya nyuma nilipeleka fungu langu zuri kuliko yote kwenye duka moja, jina sitaji, na juu yake nikabandika maelezo kwa kalamu nyekundu: USIKATE. Niliporudi nikakabidhiwa kitabu cha rangi ya damu ya mzee, herufi za dhahabu, kimenyooka kama tofali. Nikafungua. Ndumilakuwili, mhusika wa Sani, hana kisogo. Mwenzake Madenge anasema jambo ambalo nusu yake ilishakwenda na takataka. Nikiubana mgongo kwa nguvu nione picha za upande wa ndani, gundi inalia. Mwenye duka ananiuliza, “Sasa mzee, si imetoka smati?” Akataka na ya soda. Nililipa, maana fedha tulishapatana, lakini mpaka leo nikipita mtaa ule huwa navuka barabara.

Kwa nini nijisumbue na karatasi ambazo wengine walifungia karanga? Wapo watu wa karibu yangu sana wanaouliza hivyo, na mmoja alishawahi kumgawia muuza bagia nusu kasha nikiwa safarini. Jibu langu ni fupi. Sani ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lenyewe limetokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ndani yake wakazaliwa wakina Lodilofa, Pimbi, Kipepe na Madenge, na mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki mapema mno, bado unaonekana kwa wachoraji waliomfuata. Kabla yao tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory ndani ya gazeti la Uhuru, na Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Watu wa rika langu wamejifunza kucheka na kusoma kwa pamoja humo. Marehemu baba alikuwa karani wa reli, mtu mkali, hacheki ovyo. Nilimsikia akicheka peke yake chumbani, nikajua leo gazeti limefika.

Sasa, karatasi yenyewe. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa karibu wote kama ulivyo, na ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini. Kikikutana na mwanga na hewa, kinaigeuza karatasi kuwa ya njano, kisha kahawia. Asidi iliyomo ndani inazidi kuilegeza, na mwisho ukikunja kona inavunjika kama papa mkavu. Huwezi kuuzuia mwendo huo. Unaweza kuupunguza tu, kwa giza, hewa inayopita, na kutoongeza maradhi juu ya maradhi. Na maradhi makubwa ya huku pwani ni pini. Unyevu wa bahari unazila, kutu inaingia kwenye karatasi, baada ya miaka sehemu ile ya mkunjo inatoboka yenyewe. Ukiyafungua magazeti yako leo, anza kutazama pini.

Aliyenifundisha namna ya kushona ni mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye tulimwita Maalim. Kazi yake ilikuwa kufunga upya misahafu na juzuu za madrasa zilizolegea. Mara ya kwanza nilipomwekea Sani mezani alizitazama, akasema, “Upuuzi huu mimi sishoni.” Nikamwachia. Niliporudi alikuwa bado hajashona hata moja, lakini alikuwa ameshazisoma zote, na akaniuliza kwa hasira: “Hii imeandikwa itaendelea. Inayoendelea iko wapi?” Basi tukawa marafiki. Nilichokichukua kwake ni hiki: lolote utakalolifanya kwenye karatasi, mwenzio anayekuja baada yako aweze kulifumua bila kuichana.

Na magazeti ya katuni, kwa bahati, yanafaa sana kwa ushonaji wake. Kila toleo limeshakunjwa, yaani ni fungu moja tayari. Unafungua katikati, unazinyanyua miguu ya pini kwa kisu butu chembamba, unazisukuma zitoke kwa upande wa mgongo. Usizivute. Pale mkunjo ulipolegea, unaweka ukanda wa karatasi nyembamba kwa gundi ya wanga. Halafu unashona kupitia matundu yaleyale ya pini, ukiongeza machache juu na chini, na uzi unazungushwa kwenye tepe za kitambaa cha marekani zilizotandazwa mgongoni. Toleo la pili linashonwa juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili. Hakuna wembe, hakuna gundi iliyogusa picha, na kitabu kikiisha kinafunguka mpaka kikalala. Majalada ya rangi yanabaki ndani mahali pake. Kingo hazitalingana, maana matoleo yenyewe hayakulingana toka kiwandani. Ziache.

Uzi uwe wa pamba au kitani, uliopitishwa kwenye nta. Nailoni ni imara kuliko karatasi, na ugomvi wao unajua nani atashindwa. Usijaze. Mimi matoleo kumi na mawili kwa kitabu ndiyo mwisho, hata kama ni membamba.

Gundi imenisumbua zaidi ya uzi. Ile nyeupe ya mafundi seremala ni nzuri kwa mbao, lakini ikishakauka kwenye karatasi huitoi. Selotepu msiniulize, naweza kutukana. Inang'aa siku ya kwanza, baadaye plastiki inabanduka na gundi yake inabaki ikiwa doa la kahawia lililopenya hadi ukurasa wa pili. Maalim alipika uji wa unga wa ngano, akautia mrututu ili mende wasiuguse. Hapo sikumfuata, Mungu amrehemu, kwa sababu mrututu una shaba, na shaba huiharibu karatasi, achilia mbali kwamba ni sumu. Ninachofanya ni kukanda donge la unga wa ngano ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe meupe na mkononi libaki lile linalonata kama ubani wa kutafuna. Maji nayaacha yatulie, wanga unashuka chini. Wanga huo, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, napika kwa moto mdogo huku nakoroga hadi uwe kama kioo, nachuja kwa kitambaa. Hudumu siku chache kisha huchacha. Pika kidogo, paka kidogo, kwa kuwa wadudu wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda chapati. Karatasi ya kuzibia mipasuko ni ya Kijapani, ile ya magome ya mti wa kozo. Mpwa wangu aliyeko Muscat hunitafutia. Asiye na mpwa Muscat atumie karatasi nyembamba nyeupe kwa sasa, asipake nyingi.

Nimeulizwa pia habari ya kulaminisha. Hapana. Unaipitisha karatasi dhaifu kwenye moto, unaifunika kwa plastiki isiyotoka tena, na asidi iko ndani inaendelea na kazi yake kwa raha zote. Kitambulisho laminisha, cheti cha kuzaliwa hata mimi nina mashaka, katuni acha.

Wadudu: ukiona vumbi laini au matundu, funga kifurushi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, tia kwenye friza inayogandisha kweli, wiki mbili. Ukitoa usifungue siku hiyohiyo. Subiri kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande utatua kwenye karatasi. Naftalini inanuka na si nzuri kwa kifua chako, na majani ya mwarobaini yanaacha madoa. Rafu iwe mbali na ukuta wa nje, juu ya sakafu, na masika ikianza fungua milango ya kabati mara kwa mara. Tranka la bati la shuleni lina heshima zake lakini hutoa jasho usiku. Kama huna lingine, weka vibanzi vya mbao chini na usilijaze.

Piga picha kila ukurasa kabla ya kushona, siyo baada. Gazeti likiwa limefumuliwa hulala tambarare, hakuna kivuli katikati.

Hapa naomba mniruhusu niseme kama mzee. Nimeona vikundi vya simu ambako mtu anauza nakala za Sani nzima nzima kwa bei ya vocha, na anajiita mhifadhi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wachoraji hawa wengine tunasalimiana nao mitaani, na wengine watoto wao wanahangaika na ada. Ukipiga picha kwa ajili ya kuhifadhi, hifadhi. Kijana mchoraji akitaka kujifunza mstari wa Ndunguru, mwite nyumbani, mpe chai, akae achore mpaka ashibe, kama alivyofanya yule wa juzi. Kuchukua kazi ya marehemu ukaigeuza biashara ya mfukoni mwako, halafu ukaweka alama yako kila ukurasa, huko sijui tukuite nini. Vijana wa siku hizi mnapenda vya zamani, nawashukuru kwa hilo, ila mnapenda kuonekana navyo zaidi ya kuvitunza. Kuvitunza hakuna wa kukupigia picha. Ni mikono yenye wanga na mgongo unaouma.

Dada wa Morogoro aliniuliza tena: “Na kama mfululizo una mapengo, nisubiri?” Swali zuri kuliko yote niliyopata. Ukisubiri ukamilike utazikwa nayo yakiwa bado kwenye kifurushi. Shona sasa, ila mahali pa toleo lisilokuwepo shonea ukanda wa karatasi ngumu uliokunjwa, upana wa vidole viwili, unene unaokaribia wa gazeti lenyewe, na uandike namba ya toleo juu yake kwa penseli. Mgongo unabaki na nafasi. Siku gazeti likipatikana unalishona au kulibandika kwenye ukanda ule bila kufumua kitabu kizima. Vitabu vyangu vya mwanzo vina kanda nyingi kuliko ninavyopenda kuonyesha wageni, hasa matoleo ya miaka ile ambayo hata sabuni tuliipangia foleni. Mwenye nayo, yoyote ya kabla ya 1985, hata lisilo na jalada, hata lenye jina la mtu kwa peni, nitafika mwenyewe alipo kwa nauli yangu. Akikataa kuuza, nitalipiga picha hapohapo sebuleni kwake na kumshonea yake bure.