Jibu: Japani bingwa wa futiboli ya Kimarekani, Marekani ilikuwa wapi?

Salaam mkuu. Umekwama kwenye orodha inayoonyesha Japani ni bingwa wa dunia 1999 na 2003, Marekani haimo kabisa, ukadhani imekosewa. Iko sawa.

Mimi orodha za hivi naanza na walioshiriki, mabingwa baadaye. Marekani haikupeleka timu miaka hiyo. Japani iliifunga Meksiko fainali zote mbili, ile ya 1999 kule Palermo, Italia, 6-0 tu. Marekani iliingia 2007, Kawasaki, Japani, bila wachezaji wa NFL (ligi yao kuu ya kulipwa), ikaponea chupuchupu: 23-20 dhidi ya wenyeji, baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Kwangu hiyo ndiyo fainali ya kutafuta uitazame. 2011 waliichapa Kanada 50-7, na 2015 pale Canton, Ohio, Japani ikala 59-12.

Kama orodha yako ina mataji mengine ya Marekani nje ya hayo matatu, angalia isije ikawa ya futiboli ya bendera, watano kwa watano, unachomoa kitambaa kiunoni badala ya kumwangusha mtu. Hiyo ndiyo itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028.