Maswali Yenu: Mikorosho yangu ina kasoro gani?

SWALI: Salaam mhariri. Mie mkulima huku Tandahimba, mwanangu yupo kidato cha tano anasoma baiolojia, kaja likizo mikorosho ndo inachanua, kachuma kitawi kakiangalia weee afu akaniambia baba maua yako mengi imperfect. Nikatafuta kwenye dikshonari ya simu ikaniletea kasoro. Miche nilinunua kwa hela yangu, nimeuziwa mbegu mbovu au? Nikate nipande mingine?

JIBU: Mzee wangu weka panga chini kwanza. Dogo yuko sahihi na dikshonari nayo haijakudanganya, ila kila mmoja anaongelea lake. Neno lenyewe asili yake Kilatini, na huko ni kitu ambacho hakijatimia, hakijamalizwa. Sasa watu wa mimea ua likiwa na stameni (sehemu ya kiume) na pistili (sehemu ya kike) humohumo wanaliita perfect, likikosa kimojawapo tu basi imperfect, hata kama ni zima, zuri, halijaguswa na mdudu.

Na mkorosho ndo ulivyo, kwenye kitawi kimoja kuna maua yenye jinsia zote mbili, hayo ndo yanayoshika korosho, na kuna dume tupu ambayo hayazai kitu, na hayo dume mara nyingi ndo mengi zaidi. Uwe mkorosho aliopanda babu, uwe mche wa kile kituo cha utafiti cha Naliendele, ni hivyohivyo. Usije ukasema dume ni hasara, chavua inatoka humo, nyuki na nzi na sisimizi wanaibeba. Mahindi je? Mbelewele ni dume, zile ndevu ni za jike, yaani ua la muhindi siku zote ni imperfect na ugali tunakula!

Cha kukukosesha usingizi ni ubwiriunga, ule unga mweupe unaokaa kwenye maua afu yanageuka kahawia yanapukutika, huo ndo ugonjwa na ndo maana watu wanahangaika na salfa. Na hapa kuna kichekesho, fangasi wake anaitwa Oidium, wataalamu wa zamani walimuweka kwenye kundi walilolipa jina la fungi imperfecti, yaani fangasi wasiotimia, kwa sababu hatua yake ya kuzaliana kwa jinsia ilikuwa haijaonekana. Yeye anapeperusha vimbegu vyake kwa upepo anamaliza shamba zima, hiyo kasoro iko wapi mzee?

SWALI: Nipo Lindi mjini, nasoma uchumi. Imperfect market ndo soko lenye wizi?

JIBU: Hapana. Soko perfect ni la kwenye kitabu: wauzaji kibao, wanunuzi kibao, bidhaa zinafanana, bei kila mtu anaijua na hakuna wa kuipanga peke yake. Likipungukiwa hapo ndo imperfect, na kusema kweli masoko karibu yote yako hivyo. Mchumi Joan Robinson wa Cambridge aliliandikia kitabu kizima mwaka 1933, na mwaka huohuo Edward Chamberlin wa Marekani naye akatoa chake. Chukua mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kienyeji nje ya mnada, anakufuata kijijini una shida ya ada, hujui mnadani bei imefika ngapi, na mnunuzi pale ni yeye tu, ataipanga atakavyo. Hiyo ni imperfect. Kwamba kangomba serikali imeikataza ni jambo jingine kabisa, usivichanganye kwenye mtihani, maana hata duka moja la halali pale kijijini nalo ni imperfect.

SWALI: Nimenunua taulo hapa Mtwara sokoni, lebo imeandikwa slightly imperfect. Nimepigwa?

JIBU: Inategemea ulilipa ngapi dada. Hapo sasa ndo kasoro yenyewe, kiwandani waliona uzi umeruka au rangi haikukaa sawa, wakaliuza kwa bei ya chini. Kujifutia linafaa. Kama muuzaji alikuchaji bei ya taulo zima, mrudie na hiyo lebo mkononi.