Maswali ya Wasomaji: Mchoraji Asubiri Kwanza

SWALI: Ndugu mshauri, nimepata nyumba yenye vyumba vitatu, cha mita za mraba 24, cha 20 na cha 18, nami ninakusudia kufungua kituo cha malezi kitakachopokea watoto 30 wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Vifaa vya kuchezea nimeshaagiza, na mchoraji yuko tayari kupamba kuta. Nianze na usajili au nianze kutafuta watoto?

JIBU: Anza na hesabu, na mchoraji asubiri kwanza. Zitakazokufunga ni sheria za nchi yako, kwa hiyo zisome kabla hujatia saini mkataba wa pango. Hapa nitatumia vipimo vya Uingereza kwa mfano tu. Huko, mtoto aliye chini ya miaka miwili hutengewa mita za mraba 3.5, wa miaka miwili 2.5, na wa miaka mitatu hadi mitano 2.3, bila kuhesabu korido, vyoo, stoo wala jiko. Ukiwapa wachanga chumba kikubwa watatosha sita. Cha mita 18 kitachukua saba wa miaka miwili, na cha mita 20 kitachukua wanane wakubwa. Hao ni 21, si 30.

Unaweza kupangua vyumba: wakubwa kumi wakae katika kile cha mita 24, wachanga watano katika cha 18, na wa miaka miwili wanane katika cha 20, upate 23. Hata hivyo, tazama kinachotokea kwa walezi. Kwa vipimo hivyo hivyo, mlezi mmoja hulea wachanga wasiozidi watatu, au watano wa miaka miwili, au wanane wa miaka mitatu na zaidi iwapo hakuna mwalimu mwenye shahada kati yao. Mpango wa watoto 21 unadai walezi watano, ilhali wa watoto 23 unadai sita, maana yake ada za watoto wawili ndizo zitakazobeba mshahara mzima. Mimi ningechagua 21.

Watano hao, kumbuka, ni wale walio pamoja na watoto kila dakika ambayo kituo kiko wazi. Kituo kikiwa wazi kwa muda wa saa kumi kila siku na mlezi akafanya kazi kwa muda wa saa nane, utahitaji kuajiri watu saba, kabla hujafikiria anayeugua au anayekwenda kula. Vituo vingi huyumba hapa: bajeti hupangwa kwa idadi ya watoto, kisha mishahara, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, hugunduliwa baadaye.

Hesabu ikishakaa sawa, ingia katika kila chumba, upige magoti, na utazame kwa urefu wa mtoto. Utaona waya wa taa, kona ya meza iliyo usawa wa jicho, na dirisha linaloonyesha anga tu. Kisha simama mahali unapotaka kuweka meza ya kubadilishia nepi. Nimeona vituo ambavyo meza hiyo imegandamizwa ukutani, hata mlezi anawapa mgongo watoto wengine mara kadhaa kwa siku. Igeuze ili aone chumba kizima, na sinki iwe karibu kiasi cha kunawa bila kushika kitasa cha mlango. Sinki hiyo isitumike kamwe kuandalia chakula. Wachanga walazwe chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala mdoli. Picha za ukutani, kusema kweli, mtoto wa miezi minane hazimhusu sana.

SWALI: Mimi ni meneja wa kituo. Kila mwezi ninawahamisha walezi kutoka chumba kimoja hadi kingine ili wote wapate uzoefu sawa, lakini wachanga wanalia sana wiki ya kwanza. Je, watazoea?

JIBU: Watanyamaza, na hilo si sawa na kuzoea. Kuanzia miezi saba au minane hivi, mtoto huanza kumtofautisha vikali anayemjua na asiyemjua, na daktari wa akili John Bowlby alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza kwa nini mtoto humng'ang'ania mtu yule yule mmoja. Mlezi aliyekaa na mtoto miezi mitano anajua kwamba huyu husinzia akishika sikio lake mwenyewe, na kwamba yule akikataa uji wa kwanza atautaka baada ya robo saa. Ukimhamisha, ujuzi huo unatoka naye mlangoni, na anayeingia anaanza kubahatisha. Mpe kila mtoto mlezi wake mmoja, pamoja na wa pili anayemfahamu kwa siku ambazo wa kwanza hayupo. Watoto wanapopanda chumba, ni vyema mlezi wao apande nao ikiwezekana. Uzoefu wa wafanyakazi utafutie njia nyingine, kwa mfano kumruhusu mlezi ashinde asubuhi moja katika chumba cha wenzake akitazama tu.

SWALI: Wazazi wa watoto wa miaka mitatu wanadai wapewe kazi za kuandika nyumbani, nami ninaogopa kuwapoteza. Niwajibu nini?

JIBU: Waalike waje saa nzima, asubuhi, si jioni ya mkutano. Mkalishe mzazi karibu na mtoto wake anayemimina maji kutoka jagi hadi kikombe, umweleze kwamba vidole vinavyolidhibiti jagi hilo ndivyo vitakavyoshika penseli, na kwamba anapohesabu vikombe vya wenzake mezani anafanya hesabu yenye maana kuliko kunakili tarakimu asizozielewa. Atakayesisitiza, mpe kazi ya nyumbani: amsimulie mtoto hadithi moja kila usiku, na asubuhi mtoto amsimulie mlezi wake.