Wanaorudi kila miezi minne kuhesabu watu: nilikuwa mmoja wao

Mkuu, umeuliza kwa nini kijijini kwenu kuna watu wanapita kila baada ya miezi minne na maswali yale yale, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, halafu hawaachi hata sabuni wala hawawaambii matokeo. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa kwenye wilaya moja ya mpunga, enzi za madaftari. Mradi sitautaja.

Sensa ni kila miaka 10. Januari tunamkuta mama mjamzito, Mei tunamwandika mtoto, Septemba tunaambiwa hayupo. Sensa mtoto huyo haimjui. Zahanati nayo haimjui kama alifia nyumbani.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu. Unasubiri matanga yaishe, unarudi na dodoso la kifo, unakaa mkekani na mama yake. Alianza kuumwa lini? Mwili ulikuwa wa moto? Alikakamaa? Mmoja aliniambia, "Malaria hakuwa nayo mwanangu, ilikuwa degedege tu," na walishampeleka kwa mganga. Hubishani naye. Unaandika alivyosema, mpaka macho yalivyogeuka. Baadaye madaktari wawili wanaisoma fomu hiyo, kila mmoja kivyake, ndipo chanzo cha kifo kinaandikwa.

Faida ipo, ila haiji na bahasha. Huko Morogoro miaka ya 90, hesabu za namna hii zilionyesha malaria inakula asilimia 30 hivi ya miaka ya uhai inayopotea kwa vifo na maradhi, wakati bajeti ya afya ya 1996 iliitengea kama asilimia 5 tu. Mgao ukabadilishwa. Ifakara nako, mwaka 2001 ilichapishwa kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Hiyo 27 ilitoka kwenye kugonga nyumba kwa nyumba namna hii hii, kila mlango na namba yake.

Kosa langu nalo nilitaje. Msimu wa kilimo nilikuta nyumba imefungwa kwa kamba, kuku wawili uani, nikaandika "wamehama" nikaondoka zangu. Msimamizi akanirudisha. Nikavuka mto kwa mtumbwi, nikawakuta kwenye dungu wanafukuza ndege kwenye mpunga, na kichanga cha wiki mbili kimelala chini ya kanga. Kwa daftari langu, mtoto yule asingekuwepo duniani.

Unapolalamika kwamba hamwambiwi matokeo, hapo nakuunga mkono. Kwetu mrejesho uliletwa mara moja, tena kwa projekta, kwenye ofisi ya kijiji isiyo na umeme. Mwenyekiti akatusomea karatasi mbili, watu wakaondoka.

Kwa hiyo huyo mhesabu watu akija tena, jibu maswali yake, kisha na wewe muulize: mwaka jana kijiji hiki tulizika watoto wangapi, na kwa ugonjwa gani? Na kama bibi yupo shambani, msisitizie asimwandike kahama.