Fikeni Kisimani Alfajiri: Kwa Vijana Mnaoanza Kazi za Maji Vijijini

Wiki iliyopita, hapa Ubungo, nilisoma taarifa ya saiti iliyoandikwa na mmoja wenu, kijana mwenye bidii, na nilipofika ukurasa wa tatu nikaweka kikombe cha chai chini. Iliandikwa: "Kituo cha maji kinafanya kazi, ila mwitikio wa jamii ni mdogo, inapendekezwa elimu itolewe." Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, na iliniumbua. Kwa hiyo, kabla gari halijapakiwa tena, someni haya.

Kwanza, isomeni fomu ya maabara hadi mstari wa mwisho. Nikiwa na umri wenu nilisimamia ufungaji wa pampu ya mkono katika kijiji kimoja cha kusini. Fomu ilionyesha pH ya 5.6, yaani maji yenye asidi, nami nikaipita harakaharaka kwa kuwa vimelea havikuwemo na chumvi ilikuwa kidogo. Stoo yetu hapa Dar es Salaam ilikuwa na mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, mabaki ya mradi mwingine, tukayapakia tukijiona tumeokoa fedha. Maji yenye asidi huila zinki, kisha hukila chuma chenyewe. Swali hilo nililijibu katika mtihani chuoni, tena nikalipata.

Miezi michache baadaye tukaambiwa kwamba kinamama wanaipita pampu na ndoo zao, wanashuka bondeni kwenye kisima cha asili ambacho ng'ombe nao hunywa. Nilikwenda mara tatu, kila mara nikifika saa tano asubuhi baada ya supu, na kila mara maji yalitoka maangavu. Mara ya tatu nikamwomba mtendaji aitishe mkutano, nikasimama chini ya mwembe kuwaeleza watu walionizidi umri kwamba wanaendekeza mazoea na kwamba kipindupindu hakichagui mtu. Walinisikiliza kwa adabu, na mwishoni wakanipigia makofi. Makofi yale huniamsha usiku hadi leo.

Nililala kwa mwalimu mkuu, na mkewe akanifulia shati jeupe nililolivaa mkutanoni. Nililikuta kambani lina rangi ya udongo wa kichuguu. "Shemeji," akasema bila kutabasamu, "jana ulituambia tutumie maji ya pampu yako. Nimeyateka alfajiri." Maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha hujaa kutu, na anayetangulia ndiye huondoka nayo; nilipokuwa nikifika mimi, mafundi tofali walikuwa wameshajaza mapipa yao, na tofali halijali kutu. Chai ya yule mama ilikuwa ikigeuka nyeusi kama wino, na wali wake ukipata rangi isiyoweza kuwekwa mbele ya mgeni. Kamati ilijua yote. Haikuniambia kwa sababu sikuuliza, na kwa sababu mgeni aliyeleta maji hakosolewi. Kubadilisha mabomba kulichukua zaidi ya mwaka, kwa kuwa fungu la mradi lilikuwa limeshafungwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi cha kutia aibu: jazeni ndoo ya kwanza alfajiri, na nyingine baada ya kupampu kwa muda mrefu, kisha ziacheni zote zikae hadi kesho yake, maana chuma kilichoyeyuka hakionekani mpaka maji yakutane na hewa. Ya pili ikibaki safi, mwenye kosa ni bomba. Zote zikiwa nyekundu, chuma kimo ardhini na mtahitaji kichujio.

Pili, Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Hizo mita zipimeni kwa miguu, kwa kuwa ramani haioni korongo linalojaa masika.

Tatu, kisima kilichopimwa wingi wa maji mwezi Mei, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimepita, kipimwe tena Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea.

Nne, choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Choo changu cha kwanza cha mfano kiligeuzwa ghala la mahindi, na sikuwalaumu, maana ndicho kilichokuwa kibanda pekee cha uani chenye bati na komeo. Wazee bado wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walivyokusanyika vikundi vikundi mbele ya redio; waulizeni hao kwanza kabla ya kufungua mabango yenu.

Taarifa nimeirudisha bila saini. Mwandishi wake anaondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri kutoka Mbezi, na nimemwagiza abebe shati jeupe.